Uji, Mizani na Ghala: Habari za Malezi ya Watoto Wadogo katika Mbulu na Hanang



Chama chetu kikuu kinatimiza miaka 10, na katika kurasa nyingine za kitabu hiki mtasoma habari za mbaazi, ngano, alizeti na vitunguu saumu, habari za maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa. Sisi tumepewa kazi ya kuandika juu ya jambo ambalo halijapata kuonekana katika vitabu vyetu vya hesabu hata mara moja, nalo ni watoto ambao hawajafikia umri wa kwenda shule. Huenda msomaji akauliza, Je, chama cha kuuza mazao kina shauri gani na watoto wachanga? Swali hilo ni la haki, na hata baadhi yetu tuliliuliza tulipokabidhiwa kazi hii. Jibu lake twaliona katika historia ya wilaya zetu mbili, kwa hiyo yafaa tuanze huko nyuma.

Wazee wa Kiiraqw huko Kainam walilima miteremko ya milima kwa ustadi uliowastaajabisha wageni. Samadi ya ng'ombe ilirudishwa shambani, na maji ya mvua yaliongozwa yasije yakachukua udongo. Ndugu zetu Wabarabaig, katika nyanda zilizo chini ya mlima Hanang, waliishi kwa mifugo. Katika nyumba za namna zote mbili, mtoto aliyeachishwa ziwa alikutana na maziwa ya ng'ombe, na mama alipotoka kwenda kazini palikuwa na bibi, au shangazi, au dada wa kumshika. Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema, maana njaa zilikuja na watoto wengi walikufa. Twasema tu kwamba maziwa yalikuwapo, na mikono ya kulea ilikuwapo.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mambo yaligeuka upesi. Watu walikuwa wengi na ardhi ya milimani haikutosha. Serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa maendeleo wa Mbulu, ikafyeka mapori yenye mbung'o na kuwalazimisha watu wapunguze ng'ombe. Watu wakashuka kutoka milimani, wakaenea Dongobesh, Karatu na upande wa Haydom. Mashamba yakawa makubwa, makundi ya ng'ombe kwa kila nyumba yakawa madogo, na mahindi yakachukua mahali pa ulezi na mtama. Hapana mtu aliyeandika wakati ule kwamba uji wa mtoto nao ulikuwa umebadilika. Watawala walihesabu ng'ombe na ekari. Yaliyomo katika kikombe cha mtoto hawakuyahesabu.

Mwaka 1955 hospitali ya Kilutheri ilifunguliwa Haydom na wamisheni kutoka Norwei. Kwa nyumba nyingi za pande hizo huo ulikuwa mwanzo wa mama kujifungua mbele ya mkunga aliyesomea kazi, na baadaye kliniki za kutembea zikafuata watu vijijini, mtoto akapimwa uzito na kuchanjwa. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, karibu mtoto 1 katika kila 4 wa Tanganyika alikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Hesabu ya taifa ya mwaka 2022 yaonyesha kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 43 hufa kabla ya umri huo. Hiyo ni kazi kubwa, na waliohusika wanastahili shukrani. Walakini mtoto aliyeokoka kifo siyo lazima awe mtoto aliyekua vizuri, na hapo ndipo mambo yetu yalipokwama.

Zamani za Azimio la Arusha na vijiji vya ujamaa, wengi wenu mtakumbuka, vituo vya kulelea watoto wadogo mchana vilianzishwa katika vijiji vingi, na akina mama wa UWT walikuwa mstari wa mbele katika kazi hiyo. Mwaka 1981 Bunge likapitisha sheria ya vituo hivyo. Baadhi yetu tunaoandika haya tulilelewa katika kituo cha namna hiyo, katika kijiji kimoja cha Hanang tusichopenda kukitaja jina. Palikuwa na chumba kimoja chenye sakafu ya udongo, vikombe vya bati, na mlezi mmoja aliyejua nyimbo nyingi kupita kiasi. Uji ulitoka katika shamba la kijiji. Mama zetu walipalilia tangu asubuhi mpaka saa nane bila kugeuka nyuma, na dada zetu walikwenda shule.

Kituo hicho hakikudumu. Mwaka mmoja mavuno ya shamba la kijiji yaliuzwa, na fedha zake zikafanya kazi nyingine ambayo wanakijiji hawakuelezwa. Uji ukakatika. Mlezi, ambaye kwa miaka alilipwa shukrani tu, akaona heri arudi shambani kwake. Chumba kikawa stoo ya majembe. Hadithi hii si ya kijiji kimoja tu. Ikumbukwe kwamba mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na kazi zake kugawiwa vijiji na mashirika ya serikali. Hivyo kijiji kilibebeshwa kununua mazao, kuendesha duka, kulea watoto na mengine mengi, bila mweka hazina aliyesomea hesabu. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha vyama vikuu, lakini haikurudisha uji. Na miaka ya taabu ya uchumi iliyofuata, serikali ilipopunguza matumizi, vituo vingi vilivyosalia navyo vilizimika.

Wakati huo huo ulipita mbele ya macho yetu mradi mkubwa wa kilimo kupata kuonekana katika Hanang, nao ni mashamba ya ngano ya Basotu. Kwa msaada wa Kanada, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, yaani NAFCO, lililima kama ekari 100,000, kwa matrekta na mashine za kuvunia zilizotoka ng'ambo. Ngano ilipatikana, hatukatai, na vijana kadhaa walijifunza ufundi. Lakini ekari zile zilikuwa malisho bora ya Wabarabaig, na madai yao yalifika mahakamani katika miaka ya 1980. Nyumba iliyokosa malisho ilipungukiwa na maziwa, na anayekunywa maziwa kwanza ni mtoto. Leo NAFCO haipo tena, na mashine nyingi zilikufa kwa kukosa vipuri. Hatutaji habari hii ili kumcheka mtu. Twataka tu msomaji aweke akilini mtaji wa aina hiyo, kisha aulinganishe na mtaji tutakaoueleza sasa.

Kati ya mwaka 2009 na miaka iliyofuata, Haydom ilikuwa mojawapo ya sehemu nane za dunia zilizochaguliwa kwa uchunguzi mkubwa wa ukuaji wa watoto uitwao MAL-ED. Sehemu nyingine zilikuwa katika Bangladesh, Brazili, India, Nepal, Pakistan, Peru na Afrika Kusini. Watoto wa vijiji vinavyoizunguka Haydom waliandikwa tangu kuzaliwa, wakatembelewa nyumbani mara kwa mara, wakapimwa urefu na uzito kila mwezi. Walipofikia miaka 2, karibu watoto 7 katika kila 10 walikuwa wamedumaa, yaani walikuwa wafupi kuliko ilivyopasa kwa umri wao. Na jambo lililowashangaza wataalamu ni kwamba watoto wetu hawakuharisha sana. Kuharisha kulikuwa kuchache kuliko katika sehemu nyingi za uchunguzi ule. Mtu angewatazama wakicheza uani asingeona ugonjwa. Lakini matumbo yao yalikuwa na vijidudu vingi, na chakula chao kilikuwa mahindi, kisha mahindi, na maziwa au nyama au mayai kwa nadra.

Wataalamu wakajaribu dawa. Kuanzia mwaka 2017 watoto 1,188 wa pande za Haydom waliingizwa katika jaribio lingine. Baadhi walipewa dawa za kuua vijidudu vya tumbo, baadhi walipewa vitamini ya jamii ya niasini ambayo mlo wa mahindi matupu hupungukiwa nayo, wengine walipewa vyote, na wengine hawakupewa hata kimoja. Walipotimiza miezi 18 walipimwa, na urefu wao haukuwa na tofauti. Twawaheshimu waliofanya jaribio hilo na kulitangaza bila kuficha, maana limetuokoa na tumaini la bure. Hapana kidonge cha kumrefusha mtoto wa Mbulu. Ikiwa pana njia, basi ni njia ya kila siku, na njia ya kila siku ndiyo kazi ambayo chama kama chetu chaweza kuifanya.

Lakini kudumaa kunamhusu nini mweka hazina? Hapa tunaomba ruhusa kumpeleka msomaji mbali kidogo. Sisi watu wa Mbulu hatukubali neno kwa sababu tu limetoka mjini. Wazee watakumbuka kwamba katika uchaguzi wa mwaka 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na kile kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu, kilichotwaliwa na Herman Sarwatt aliyesimama peke yake. Kwa hiyo tutatoa hesabu, na kila mtu aipime.

Katika vijiji vinne vya Guatemala, nchi ya wakulima wa mahindi kama sisi, tangu mwaka 1969 mpaka 1977 vijiji viwili vilipewa uji wenye maziwa na unga wa nafaka uliokolezwa, na viwili vilipewa kinywaji kitamu kisichokuwa na nguvu ya kujenga mwili. Wachunguzi waliwafuata watoto wale hata wakawa watu wazima. Wanaume waliokuwa wamepata uji ule kabla ya kutimiza miaka 3 walipata mshahara wa saa moja uliozidi kwa asilimia 46 ule wa wenzao. Waliouanza baada ya umri huo hawakupata faida hiyo. Wala wanawake hawakuonyesha ongezeko la mshahara kama la wanaume, na hilo nalo lazima lisemwe.

Katika Kingston, Jamaika, mwaka 1986 na 1987, watoto 129 waliodumaa waligawanywa. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, saa moja tu, kwa muda wa miaka 2, na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto kwa vitu vya nyumbani. Wengine walipewa maziwa peke yake. Baada ya miaka 20 waliochezeshwa walikuwa wakipata kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 25, wakawa wamewafikia watu ambao hawakudumaa. Maziwa peke yake hayakuleta jambo hilo. Mlezi wetu wa nyimbo nyingi, kumbe, alikuwa akifanya kazi ya fedha, nasi tulimlipa shukrani.

Kisha iko faida isiyongoja miaka 20. Mwanamke wa Hanang anayepalilia akiwa na mtoto mgongoni hapalilii sawasawa na asiye na mzigo. Akimwacha kwa dada yake, yule dada hakwenda shule siku hiyo. Huko Korogocho, Nairobi, akina mama waliosaidiwa ada ya kituo cha watoto walionekana kupata kazi kwa wingi kuliko wenzao wasiosaidiwa. Kwetu kazi haitafutwi, inangoja shambani, na majani hayamsubiri mtu. Kila mkulima ajua thamani ya wiki mbili za palizi zilizofika kwa wakati wake.

Lipo jambo jingine linalotuhusu sisi wauza nafaka kuliko watu wote, nalo ni sumukuvu. Mahindi yasiyokauka vizuri huota ukungu, na ukungu huo hutoa sumu isiyoonekana wala kuondolewa kwa kuchemsha. Mwaka 2016 sumu hiyo iliwapata watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliugua watu 68, na 20 kati yao walikufa. Lakini sumu haiishii kwa wanaokufa. Katika Rombo, mkoa wa Kilimanjaro, watoto waliokula kwa wingi sumu ya ukungu wa mahindi iitwayo fumonisini walipofikia mwaka 1 walikuwa wafupi kwa sentimita 1.3 na wepesi kwa gramu 328 kuliko wenzao. Nayo mikojo ya watoto wa Haydom ilipochunguzwa, wengi walikutwa na sumu hiyo hiyo, na waliokuwa nayo zaidi walikuwa wepesi zaidi.

Na hapa, ndugu wanachama, yatupasa tujisemee wenyewe. Mahindi na kunde zilizo mbichi au zenye ukungu tunazikataa ghalani, maana mnunuzi hazitaki. Je, huenda wapi? Hurudi nyumbani. Huchambuliwa haraka haraka, nzuri huwekwa kando, mbaya husagwa. Kwa miaka 10 tumejivunia ubora wa mazao tunayoyauza, na hatujawahi kuuliza habari za yale tunayoyarudisha. Vivyo hivyo, Agosti mwaka 2017 India ilipoweka mpaka wa mbaazi itakayonunua, bei iliporomoka na magunia yakakaa bila mnunuzi. Mbaazi ni chakula cha kujenga mwili. Mwaka ule tulikuwa nacho tele, na watoto wetu waliendelea kunywa uji wa mahindi matupu.

Kwamba kazi hii yawezekana, ushahidi uko ndani ya nchi yetu. Kuanzia miaka ya 1983 na 1984 mkoa wa Iringa uliendesha mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na Shirika la Afya la Dunia, kwa fedha za Serikali ya Italia. Ulianzia vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu watoto walipimwa uzito mbele ya watu, hesabu ikasomwa kwa serikali ya kijiji, na kijiji kikaulizwa kitafanya nini. Mahali pengine walianzisha kituo cha kulisha watoto mchana, mahali pengine walirekebisha muda wa kazi za akina mama. Kufika mwaka 1988 watoto wenye uzito pungufu, ambao mwanzoni walikuwa zaidi ya nusu, walikuwa wameshuka mpaka chini ya 4 katika 10, na wenye utapiamlo mkali walipungua kutoka kama 6 katika 100 mpaka 2. Chombo chao kikuu kilikuwa mizani ya kuning'iniza. Katika maghala yetu hatukosi mizani.

Halmashauri yetu haikuafikiana upesi juu ya shauri hili. Mjumbe mmoja alisema uji ni kazi ya mama, na ziada ni mali ya mwenye gunia. Mwingine alisema serikali ina mpango wake, na kweli inao: Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliweka mwaka mmoja wa elimu ya awali kuwa wa lazima, na Desemba 2021 ilizinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Lakini darasa la awali humpokea mtoto akiwa na miaka 5, na hesabu ya Guatemala yatuambia kwamba miaka 3 ya kwanza ndiyo yenye faida. Kuhusu uhalali, vyama vya ushirika vya dunia vilipokutana Manchester mwaka 1995 viliandika kuijali jamii kuwa kanuni ya saba ya ushirika, nasi tunafuata kanuni hizo. Mama mmoja mjumbe, baada ya kusikiliza wote, aliuliza tu ni nani katika chumba kile aliyepata kupalilia na mtoto mgongoni. Wanaume tukanyamaza.

Hesabu tuliyoifanya ni hii. Kituo cha watoto 40, kila mtoto gramu 100 za unga kwa siku, ni kilo 4. Kwa siku 5 za wiki ni kilo 20, na kwa wiki 12 za palizi ni kilo 240, yaani chini ya gunia 3 za kilo 100. Chama cha msingi chenye wanachama 200 kitamwomba kila mmoja kilo 1 na gramu 200, mahindi na mbaazi vikichanganywa, vilivyokaushwa juu ya turubai na kuhifadhiwa katika mifuko ya kinga njaa. Maziwa yatatoka kwa wanachama wafugaji kwa mkataba. Hayo yote ni mepesi. Lililo zito ni mshahara wa walezi wawili, maana hapo ndipo vituo vya zamani vilipokufa, nasi hatutaki kukijenga tena chumba kitakachogeuka stoo ya majembe. Mshahara huo twapendekeza utolewe katika ziada ya chama kikuu, uandikwe katika makisio ya kila mwaka kama unavyoandikwa mshahara wa mlinzi wa ghala, na usiguswe kwa kazi nyingine bila kura ya Mkutano Mkuu. Vipimo vya watoto visomwe katika Mkutano huo huo, mara tu baada ya hesabu za mauzo, ili mjumbe atakayetaka kukifunga kituo akifunge akiwa amezisikia.

Shauri hili litaletwa mbele ya Mkutano Mkuu ujao. Vyama vya msingi vilivyo tayari kutoa chumba kimoja na mizani kabla ya palizi ya kwanza vipeleke majina yao kwa katibu, pamoja na idadi ya watoto wa chini ya miaka 5 walio katika nyumba za wanachama wao.